Kuhama Dar bila kupoteza mshahara: mwongozo kamili wa kazi za TEHAMA mikoani

Programa anayetaka kuondoka Dar es Salaam kwenda Arusha, Mwanza, Dodoma au Mbeya husikia maneno ya aina mbili. Wapo wanaomwambia mikoani hakuna hela, abaki mjini apambane. Wapo wanaomwambia maisha ya mkoani ni nafuu, kwa hiyo apokee mshahara wowote atakaopewa. Yote mawili yanapotosha. Malipo ya kazi zetu hupangwa na mahali alipo mlipaji na uzito wa shida anayotaka imalizwe. Mahali ulipo wewe na laptopu yako panakuja baadaye sana.

Kwa hiyo utaratibu wote ulio hapa chini unasimama juu ya jambo moja: mtafute mlipaji kwanza, lori la mizigo lifuate. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ujuzi tayari, iwe ni kuandika programu, kuchambua data, kusimamia seva na mitandao, au kulinda mifumo, aliye na uzoefu wa miaka miwili mitatu hivi. Anayeanza kabisa, ninamshauri abaki kwanza mahali penye wakubwa wa kumkagulia kazi yake kila siku. Ujuzi wa mwanzo hukomaa haraka zaidi ukiwa na watu pembeni.

1. Piga hesabu ya fedha inayofika mkononi

Chukua mwajiriwa wa sekta binafsi anayelipwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 300,000. Zinabaki 2,700,000 za kukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi, madaraja yanayofuata yanakatwa asilimia 8, 20 na 25, na kila shilingi iliyozidi milioni moja inakatwa asilimia 30. PAYE yake inakuwa 638,000, naye anaondoka na 2,062,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo (HESLB) wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 450,000 nyingine, zinabaki 1,612,000.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kulinganisha na ofa yoyote mpya. Mtu akikuahidi malipo ya mkataba bila makato, usiyalinganishe nayo yakiwa hivyohivyo. Toa kwanza kodi utakayopeleka TRA mwenyewe, toa akiba ya uzeeni ambayo hakuna mwajiri atakayekuchangia nusu yake, toa bima ya afya ya familia, toa na mwezi mmoja wa likizo ambao hutalipwa. Kinachobaki ndicho mshahara.

Upande wa pili andika gharama za mji unaokwenda, na usikadirie ukiwa Dar. Mpigie mtu anayeishi kule umuulize pango la nyumba kama unayoitaka, ada ya shule ya mtoto, na bei ya gunia la mkaa au mtungi wa gesi. Chakula na pango vitashuka. Intaneti, laptopu na simu havishuki, na nauli ya ndege ya kurudi Dar kwenye msiba au kikao inapanda.

Kuna gharama moja inayowaumiza wengi: nyumba nyingi zinalipiwa miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua mwezi mmoja juu yake. Nyumba ya 350,000 inakudai 2,450,000 kabla hujaingiza kitanda. Ongeza lori. Ndiyo maana ninasisitiza akiba ya matumizi ya miezi sita, ikae benki pembeni, kando kabisa na fedha ya kuhamia.

2. Anza na bosi uliye naye

Mlipaji wa karibu kuliko wote ni huyu anayekulipa leo. Anakujua, anaujua mfumo unaousimamia, na kumpata mtu wa nafasi yako kutamgharimu miezi. Watu wengi wanaacha kazi kwanza na kuhama baadaye kwa sababu wanaona haya kuuliza. Uliza, tena uulize wakati kazi yako inaonekana, kwa mfano baada ya kukamilisha mradi, na uende na pendekezo lililokamilika. Ujumbe kama huu unatosha:

"Bosi, kuanzia Septemba familia yangu itakuwa Dodoma. Naomba tujaribu miezi mitatu nifanyie kazi kule. Nitakuwa hewani saa zilezile za ofisi. Jumatatu ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi nitakuja ofisini kwa nauli yangu. Zamu yangu ya kuangalia mfumo usiku haibadiliki. Miezi mitatu ikiisha tukae, tuangalie kazi zilizokamilika na hitilafu zilizotokea, ndipo tuamue."

Ujumbe huo una kikomo, kipimo na ratiba ya kuonekana uso kwa uso. Bosi haombwi kukuamini milele, anaombwa miezi mitatu. Tena kwa anayekwenda Dodoma au Morogoro, reli ya SGR imebadilisha hesabu yote: treni za Dar hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na ile ya haraka haimalizi saa nne njiani. Unaondoka alfajiri, unaingia kikaoni, usiku umelala kwako.

Ukiambiwa utabaki lakini mshahara upungue kwa sababu mkoani maisha ni rahisi, kataa kwa upole. Kazi ni ileile, mfumo ni uleule, saa ni zilezile. Unachoweza kutoa ni posho ya usafiri ya Dar, maana hutaitumia.

3. Chagua mji kwa kuangalia fedha inakotoka

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kila mji una mlango wake ambao fedha kubwa inaingilia, na programa anayekaa karibu na mlango huo hakosi kazi.

Arusha ni utalii na mashirika ya kimataifa. Twende ndani ya ofisi ya kampuni ya safari yenye magari sita. Mgeni wa Ujerumani ameandika barua pepe: watu wanne, siku saba, Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Dada wa ofisini anafungua faili la Excel. Anajaza ada za hifadhi kwa kila kichwa kwa kila siku, ada ya gari kushuka kreta ya Ngorongoro ambayo ni dola 250 kabla ya VAT, bei za loji zinazobadilika kwa msimu, mafuta, posho ya dereva, chakula cha njiani. Loji mbili bado hazijajibu kama zina nafasi. Akisahau mstari mmoja, faida yote ya safari imekwenda. Akichelewa siku mbili, yule Mjerumani ameshalipia kwingine. Na maombi ya namna hiyo anayo kumi na mawili mezani.

Mwenye kampuni hiyo hahitaji "tovuti nzuri", ingawa ndicho anachoambiwa kila siku na vijana wanaobisha hodi. Anahitaji hesabu ya bei itoke ndani ya nusu saa bila kosa, malipo ya awali ya mgeni yaingie salama, na ratiba ya magari isigongane mwezi Agosti. Ukimwonyesha hilo likifanya kazi kwa data yake mwenyewe, unazungumza naye bei nyingine kabisa, na yeye analipwa dola kutoka nje. Chama chao, TATO, kipo Arusha, na maonesho ya utalii ya Karibu-Kilifair hufanyika kila Juni. Nenda ukasikilize wanalalamikia nini kabla hujajenga chochote.

Arusha hiyohiyo ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nafasi zao za TEHAMA zinalipa vizuri, ila ni chache, zinagombewa na raia wa nchi nyingi na mchakato ni mrefu. Omba, kisha endelea na mambo mengine.

Mlango ambao maprograma wengi hawaujui ni taasisi za utafiti wa afya. Moshi kuna hospitali ya KCMC na taasisi yake ya utafiti, KCRI. Mwanza kuna NIMR na MITU. Mbeya kuna kituo cha utafiti cha NIMR. Ifakara kuna Taasisi ya Afya Ifakara. Tafiti zao nyingi hugharamiwa na ruzuku za kutoka nje, na kila utafiti unahitaji mtu wa data: wa kutengeneza fomu za kukusanyia taarifa, kulinda taarifa za wagonjwa, kusafisha data, kuandaa ripoti kwa wafadhili. Jifunze REDCap, ODK na DHIS2, programu za kukusanya na kusimamia data, uongeze lugha ya R au Python na SQL. Zote hizo zinajifunzika bila kulipa ada. Kasoro yake ni kwamba mkataba unafuata umri wa mradi, kwa hiyo uanze kuulizia mradi unaofuata wakati huu wa sasa ungali na mwaka mmoja.

Dodoma ni serikali. Ajira zenyewe hutangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na mshahara wake una uhakika ingawa kwa mtaalamu mwenye uzoefu mara nyingi hauwi mkubwa. Fedha nzuri zaidi iko kwenye kazi za ushauri na miradi inayofadhiliwa. Zabuni za umma sasa zinapita kwenye NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Mifumo mingi ya serikali inajengwa au kusimamiwa na wataalamu wa ndani chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), kwa hiyo usitegemee kuiuzia wizara mfumo mpya. Tegemea mafunzo, usafi wa data, ukaguzi wa usalama, na kuunganisha mifumo ya taasisi ndogo. Na ujiandae kusubiri, kwa sababu malipo ya serikali huchelewa. Dodoma haimfai mtu asiye na akiba.

Mwanza ni biashara ya Kanda ya Ziwa: samaki, pamba, hospitali ya Bugando, na dhahabu ya Geita. Kwa sababu Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika Madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape kipaumbele wazawa, kumekua kundi kubwa la wazabuni wa chakula, usafiri, vipuri na ulinzi. Mgodi wenyewe una mifumo yake ya kimataifa na huwezi kuuingia kirahisi. Wazabuni wanayo madaftari na Excel, na mgodi unawadai ripoti nadhifu kila mwezi. Hao ndio wateja wako. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile foleni ya kivuko, kwa hiyo kuishi Mwanza na kuhudumia Geita sasa ni jambo la kawaida.

Mbeya ina chuo kikuu cha MUST, ina mpaka wa Tunduma jirani, na ina wafanyabiashara wa mazao na malori ya Zambia na Kongo. Mawakala wa forodha na wenye malori wanahitaji kujua mzigo uko wapi na hela imekwama kwa nani. Iringa, Tanga na Morogoro ninazishauri zaidi kwa mtu ambaye tayari ana mlipaji wa nje na anatafuta utulivu.

4. Uwe na ujuzi mmoja wa hapa nyumbani

Kuna ujuzi ambao programa wa India au wa Kyiv hawezi kukuzidi, na ndio unaokuinua bei ukiwa mkoani. Kuunganisha mfumo wa mteja na GePG, mfumo wa malipo ya serikali, ili utoe namba za malipo za serikali. Kutoa risiti za TRA kwa njia ya VFD, yaani kwa programu, bila mashine ya mezani. Kupokea M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na benki kwa pamoja na kuzilinganisha na vitabu kila jioni. Shule, hospitali, mamlaka za maji na hoteli zinahitaji vitu hivyo leo.

Ujuzi wa pili ni ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inazitaka taasisi zinazokusanya au kuchakata taarifa za watu zijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na taratibu za kuzilinda. Zunguka hospitali na hoteli za mji wowote uone ni ngapi zinaacha nakala za pasi za kusafiria na majibu ya vipimo kwenye kompyuta isiyo na hata nywila. Isome sheria yenyewe kifungu kwa kifungu, uwe mtu wa mji huo anayeijua. Ni kazi ya heshima, inalinda watu, na inalipa.

5. Kazi za nje ukiwa mkoani

Kwa wengi hili ndilo chaguo lenye malipo makubwa zaidi, na ndilo lenye ushindani mkali zaidi.

Kwanza soma tangazo mpaka mwisho. Kazi ikiandikwa ya kutokea popote, mara nyingi chini kuna mstari unaosema ni kwa wakazi wa Marekani tu. Tafuta zinazotaja Afrika, au EMEA, ambayo ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Kampuni za Ulaya zinatufaa kwa saa pia: Berlin iko nyuma yetu saa moja au mbili tu kulingana na msimu. New York wakianza kazi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni, bado inavumilika. San Francisco wakianza saa hiyo, kwetu ni saa moja au saa mbili usiku, na mwenye watoto wadogo afikirie mara mbili.

Pili, ujue bei kabla ya kuulizwa. Colorado, California na New York zina sheria zinazowalazimisha waajiri kutaja kiwango cha mshahara ndani ya tangazo. Kwa hiyo tafuta matangazo ya huko ya kazi kama yako, yaandike kumi au kumi na tano kwenye karatasi, uone kiwango cha chini na cha juu. Hutalipwa kama mkazi wa Denver, lakini hutataja tena dola mia nne kwa mwezi kwa kazi ambayo wenyewe wametenga maelfu. Ukiulizwa unataka kiasi gani, uliza kwanza bajeti ya nafasi hiyo. Wakisisitiza, taja namba moja, kisha nyamaza.

Tatu, onyesha kazi. CV ya kurasa mbili inatosha, lakini kila mstari useme ulifanya nini na matokeo yake: "nilipunguza muda wa kufunga hesabu za mwezi kutoka siku nne hadi saa tatu" ina uzito kuliko orodha ya lugha ishirini. Weka ukurasa wa GitHub, mtandao wa kuhifadhi na kuonyesha programu, wenye mradi mmoja uliokamilika, wenye maelezo ya jinsi ya kuuendesha. Kingereza cha kuandika kina umuhimu kuliko cha kuongea, kwa sababu kazi ya mbali inaendeshwa kwa maandishi. Jizoeze kuandika taarifa fupi kila jioni: nimemaliza hili, nimekwama hapa, kesho nafanya lile.

Nne, njia zenyewe. LinkedIn, We Work Remotely na Remote OK ni za matangazo. Upwork inafaa kuanzia, ila usikae humo miaka. Andela na Toptal wana mitihani ya kuingia. Hata hivyo njia yenye nguvu kuliko zote ni Mtanzania au Mkenya ambaye yuko ndani tayari. Nairobi kuna kampuni nyingi zenye matawi au wateja Tanzania, zinahitaji mtu anayejua Kiswahili cha huku na mifumo ya malipo ya huku, na ukiwa Arusha unafika kwao kwa basi siku hiyohiyo.

Jihadhari na matapeli. Anayekuomba hela ya "usajili" au "mafunzo" ni mwizi, hakuna mjadala. Kuna na hatari mpya zaidi: kwa miaka kadhaa sasa kundi la wadukuzi wanaohusishwa na Korea Kaskazini limekuwa likijifanya waajiri, wanakutumia mradi wa "jaribio" uuendeshe kwenye kompyuta yako, na ndani yake kuna programu inayoiba nywila na fedha za kidijitali. Jaribio lolote liendeshe kwenye kompyuta pepe (virtual machine) isiyo na kitu chako.

6. Bei na mkataba

Kwa mteja wa mkoani usiuze saa. Mwenye hoteli haelewi saa arobaini za kazi ni nini, anaelewa vyumba vilivyolala tupu. Bei ya kujenga iandike kwa mafungu: nusu kabla ya kuanza, robo akishaona mfumo unafanya kazi kwa data yake, robo siku ya makabidhiano. Kisha weka mkataba wa matunzo wa kila mwezi. Wateja watano wanaolipa matunzo ya laki nne kila mmoja ni milioni mbili zinazoingia hata mwezi usiojenga kitu, na hapo ndipo mtu wa mkoani anapopata usingizi.

Mkataba utaje bei kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja au kupokea bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, hata kama mteja wako mwenyewe anapokea dola. Utaje pia nani mmiliki wa jina la tovuti, nani anashika nywila za seva, na nini kinatokea mkiachana. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja. Mji mdogo unasambaza habari haraka, na fundi aliyeshikilia tovuti ya mtu kama dhamana hapati kazi nyingine mtaani.

7. Intaneti na umeme, nyumba kwa nyumba

Usiulize kama mji una faiba. Uliza kama nguzo iliyo mbele ya nyumba hiyo ina faiba. Kabla ya kumlipa dalali, nenda na laptopu na laini za mitandao mitatu, ukae ndani ya chumba utakachofanyia kazi, upime saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni. Kikao cha video kinataka kama megabiti 4 kwa sekunde kwenda na kurudi, na mara nyingi cha kwenda ndicho kinachokwama. Nyumba nzuri isiyoshika mtandao si nyumba ya kazi.

Weka njia mbili za kampuni tofauti, faiba na laini ya simu. Elewa lakini kwamba njia mbili haziwi mbili kila wakati. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mtandao ulianguka karibu nchi nzima, Dar na mikoani sawasawa. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mweleze mteja wa nje mapema, mkubaliane ndani ya mkataba kwamba mkatiko wa kitaifa hauhesabiki uzembe, na uwe na mwenzako aliye nje ya nchi mwenye ruhusa ya kuwasha upya seva ukiwa huonekani. VPN ya mwajiri, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wake, iandikishe Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kama ilivyotakiwa tangu Oktoba 2023.

Umeme ni rahisi zaidi: inveta ndogo na betri ya kubeba laptopu, ruta na taa kwa saa sita. Ruta ndiyo watu husahau.

8. TRA na njia ya kupokea hela

Mkazi wa Tanzania anatozwa kodi ya mapato yake ya ndani na ya nje. Hela ya mteja wa Uholanzi ni mapato kama mengine. Chukua TIN ya biashara, sajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, nenda ofisi ya TRA ya mkoa mwanzo wa mwaka ufanyiwe makadirio, ulipe kwa awamu nne, kisha uwasilishe ritani kabla ya Juni 30. Kampuni ya ndani ikikulipa kwa huduma, itakata asilimia 5 ya zuio na kuipeleka TRA. Dai cheti cha zuio hilo kila mara, kwa sababu kinapunguza kodi yako ya mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari: andika kila ankara na kila stakabadhi siku hiyohiyo.

Mteja wa Marekani atakutumia fomu ya W-8BEN. Usiogope, inathibitisha tu kwamba wewe si mkazi wa kodi wa kule, na kazi uliyoifanyia Tanzania haikatwi kodi ya kwao. Kwa kupokea, fungua akaunti ya dola benki, na Payoneer kama mteja anaitumia. Kuna huduma zinazomruhusu mtu wa Tanzania kulipa bila kumruhusu kupokea, kwa hiyo jaribu kwa kiasi kidogo kabla ya mshahara wa kwanza. Wengine watakuajiri kupitia kampuni za kuajiri kwa niaba, kama Deel au Remote. Soma kama umewekwa mwajiriwa au mkandarasi, maana hapo ndipo inapojulikana nani anapeleka kodi na NSSF. Ukiwa mkandarasi, jiunge na mpango wa NSSF wa waliojiajiri. Usiache.

9. Miezi mitatu ya kwanza

Usifungue ofisi. Tembea. Wiki ya kwanza jitambulishe kwa mjumbe na majirani, la sivyo mtu anayeshinda ndani na kompyuta usiku kucha ataanza kuulizwa maswali. Jiandikishe kwenye chemba ya wafanyabiashara ya mkoa, TCCIA, hapo ndipo wenye biashara wanakutana. Omba kufundisha somo moja jioni kwenye chuo cha mji huo, kama IAA kwa Arusha, UDOM kwa Dodoma, MUST kwa Mbeya. Malipo ni madogo, lakini baada ya muhula mmoja unawajua vijana watano bora wa mji, na ukipata kazi kubwa una watu wa kuifanya nayo.

Mteja wa kwanza wa mtaani mchague kwa makini kuliko anavyokuchagua. Mtafute mwenye jina, anayelipa madeni yake, ambaye wenzake humuuliza "hii umetengenezewa na nani?" Mfanyie kazi nzuri kupita kiasi, ukae naye siku ya kwanza ya kutumia mfumo mpaka wanapofunga, umfundishe keshia mwenyewe.

Na tangu mwezi wa kwanza weka kanuni kwamba mlipaji mmoja asizidi nusu ya kipato chako. Akizidi, mwezi huo tenga saa tatu kila Ijumaa za kutuma maombi mawili ya nje na kutembelea mfanyabiashara mmoja wa mjini, hata kama kazi ya sasa imekujaa mikono.